Gundi Haishiki Kila Plastiki

Akina mama wengi tunaifahamu hali hii. Beseni limepasuka ukingoni, ndoo imetoboka chini, mpini wa jagi umekatika. Tunamtuma mtoto dukani akanunue supagluu, tunapaka, tunabana kwa vidole huku tukihesabu, na kweli inashika. Tunafurahi. Kesho yake maji yakiingia tu, kipande kinabanduka chote kizima. Tunailaumu gundi, tunamlaumu mwenye duka kwamba ametuuzia bandia, kisha tunanunua nyingine.

Nasi tulifanya hivyo hivyo hapa kwetu Yombo, Temeke, ila kwetu haikuwa ndoo. Ilikuwa treni.

Tunaishi na babu wa watoto wetu. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Alibaki kwenye reli mpaka akastaafu. Sasa presha ya macho imemla sehemu kubwa ya nuru yake. Anaona kidogo mbele yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kilichobaki anakiona kwa vidole. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Juni 2024, kila mtu nyumbani alikuwa na la kusimulia, na yeye akauliza swali moja tu: "Kichwa chake kikoje?"

Tulimweleza. Hakuridhika. Ndipo kijana wetu wa darasa la sita alipoamua kumtengenezea ili aishike mwenyewe.

Alikusanya vitu kama watoto wote wa uswahilini wanavyokusanya: dumu la njano la mafuta ya kula la lita tano liwe kichwa cha treni, vifuniko vya chupa viwe magurudumu, makasha ya CD yaliyokaa bure tangu watu waache kusikiliza CD yawe madirisha. Tukampa shilingi 500 ya supagluu. Jioni treni ilikuwa imesimama juu ya meza, nzuri ya kutazama. Asubuhi babu alipoipapasa, magurudumu manne yalimbaki mkononi. Hakusema neno. Aliyarudisha mezani mojamoja, taratibu, kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Tukanunua gundi ya viatu. Ikashika siku mbili. Tukajikaza tukanunua ile ya mirija miwili inayochanganywa kabla ya kupakwa, nayo bei yake si ndogo kwa nyumba kama yetu. Ilikauka ikawa ngumu kama jiwe, kisha ikabanduka yote kwa pamoja, upande wa chini ukiwa laini na unang'aa. Hapo ndipo tulipoanza kushtuka. Gundi ilikuwa nzima kabisa. Haikuwa bandia. Ilikuwa haikulishika dumu.

Jibu tulilipata Tandika, kwa fundi anayeziba mabeseni na ndoo. Tulimpelekea lile dumu na kumwuliza anatumia gundi gani. Akacheka. "Mama, hili halina gundi. Hapa ni moto tu." Akachovya vidole kwenye kopo la maji akarashia ubavu wa dumu. Maji hayakutandaa, yalijikusanya vidonge vidonge yakateleza chini, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi.

Hilo tu ndilo jambo lenyewe. Gundi yoyote, kabla haijakauka, ni ya majimaji, na haina budi kutandaa na kulowanisha inachokishika. Plastiki ya dumu haikubali kulowana. Kwa asili yake ni ndugu wa nta ya mshumaa, tofauti ni kwamba minyororo yake ni mirefu mno kuliko ya nta, ndiyo maana haivunjiki kama mshumaa. Nani kati yetu aliwahi kugundisha mshumaa?

Plastiki hii inaitwa polithini. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 huko Uingereza, katika kampuni ya ICI, pale Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuta kitu cheupe kama nta ndani ya chombo chao cha majaribio. Ndugu yake, polipropilini, ilipatikana Italia mwaka 1954 kwa kazi ya Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Hizi mbili ndizo zilizojaza jikoni zetu: madumu, ndoo, mabeseni, viti, vifuniko, matangi ya maji. Na tunazipenda kwa sababu ile ile inayotukera tunapotaka kuziunga. Uji hauganda, zinasuuzika upesi. Mtazame hata mwenye kutengeneza supagluu: kichupa chake cha plastiki na mdomo wake mara nyingi ni polithini. Lau gundi ingeishika plastiki hiyo, isingetoka ndani ya chupa yake.

Kwa hiyo kabla ya kutuma mtoto dukani, kwanza tujue tunachotaka kukiunga ni kitu gani.

Geuza chombo uangalie chini. Vingi vina alama ya pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Alama hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya watu wanaoyeyusha plastiki upya, lakini nasi zinatufaa. Namba 2 na namba 4 ni polithini, namba 5 ni polipropilini. Ukiona mojawapo ya hizo, okoa fedha yako. Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji. Namba 6 ni polistirini, ile ngumu inayokatika kwa mlio, kama kasha la CD. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 7 ni mchanganyiko wa nyingine zote zilizobaki, haikuambii mengi.

Kama namba imefutika au haikuwekwa, tumia bilauri ya maji. Kata kipande kidogo kama ukucha, tia tone la sabuni kwenye maji, kizamishe kwa kidole, kisha kiachie. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Polistirini, PVC na plastiki ya chupa za soda huzama. Kinachoelea hakina gundi. Kinachozama kina matumaini. Kipande kiwe hakina uwazi unaoshika hewa, la sivyo kitakudanganya.

Tulifanya jaribio hilo kwa kalamu ya Bic iliyokwisha wino, na kijana akapiga makofi. Kipande cha mwili wa kalamu, ule unaopenya nuru, kilizama. Kipande cha kofia kikaelea. Kalamu moja, plastiki mbili: mwili ni polistirini, kofia ni polipropilini. Tukaunga vipande viwili vya mwili kwa tone moja la supagluu, na mpaka leo havijaachana. Kofia ilikataa kama dumu lilivyokataa.

Kwa wale wenye polistirini mkononi, supagluu inatosha, lakini kidogo tu; ikizidi huacha ukungu mweupe juu ya plastiki inayopenya nuru. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, nayo huyeyusha kingo mbili zikaungana zikiwa kitu kimoja. Ila yale mapovu meupe yanayokuja na televisheni, ingawa nayo ni polistirini, yasiguswe na asetoni, petroli wala supagluu, maana yataliwa mbele ya macho yako. Kwa hayo tumia gundi nyeupe ya mbao, au hata uji mzito wa ngano. Kwa PVC, gundi ya mafundi bomba ndiyo yake, nayo hufanya kazi kwa kuyeyusha. Gamba la redio au la televisheni kwa kawaida ni plastiki iitwayo ABS au ndugu zake, nalo linashikwa vizuri na gundi ya mirija miwili kama ukilikwaruza kwa msasa kwanza na kulifuta mafuta.

Tumesoma kwamba tatizo hili limewaumiza vichwa watu wengine kabisa. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wanaojenga treni ndogo kwa kujifurahisha, wakizipunguza mara 87, hata behewa la mita 20 likawa na urefu wa sentimita 23 hivi. Mwili wa treni hizo kwa kawaida ni polistirini, na kuunga ni kazi ya dakika moja. Lakini vyuma vyembamba vya kushikia mlangoni, na baadhi ya magurudumu, hutengenezwa kwa plastiki inayoteleza iitwayo asetali, na hapo mzee mzima mwenye miwani na koleo ndogo anahangaika kama mtoto wetu. Asetali inazama majini, kwa hiyo bilauri yetu haiwezi kuigundua; dalili yake ni ule utelezi, kana kwamba imepakwa sabuni. Hao nao hununua supagluu iliyounganishwa na kalamu ya dawa inayopakwa kwanza ili kuilainisha ile plastiki ikubali. Dawa hiyo husaidia hata kwenye polithini na polipropilini. Ukiipata madukani mjini utalipa mara nyingi zaidi ya supagluu ya kawaida, na kwa bei hiyo beseni jipya linakuita.

Viwandani nako wana njia yao. Hupitisha moto au cheche za umeme juu ya plastiki kwa muda mfupi sana kabla ya kuichapa maandishi, na uso wake ukabadilika ukakubali wino. Usijaribu hilo jikoni na watoto wakiwa wamekuzunguka.

Sisi tulirudi kwa fundi wa Tandika. Tulimwona akiweka bisibisi kuukuu juu ya makaa, akakata kiraka kutoka dumu jingine la aina ile ile, akayeyusha kingo za kiraka na za tundu kwa pamoja, akazikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Siri yake ni hiyo, ya aina ile ile. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na namba 5 hudai 160 na zaidi. Ukizilazimisha pamoja zitaonekana zimeungana, kisha zitaachana. Kazi hii ifanyike nje penye upepo. Na PVC isichomwe kamwe, si kwa kuunga wala kwa kuwashia jiko, kwani moshi wake una asidi inayounguza mapafu.

Pale ambapo moto haukuhitajika, fundi alitumia waya. Alitoboa matundu kwa msumari wa moto, akapitisha waya, akaukaza. Magurudumu hayakutaka gundi hata kidogo: kijiti cha mishikaki kilipita katikati ya vifuniko viwili, kikapita ndani ya dumu, basi, yanazunguka. Chumba cha dereva kikajengwa kwa makasha ya CD yaliyoungwa yenyewe kwa yenyewe kwa supagluu, kisha kikafungwa juu ya dumu kwa waya. Bei ya fundi ilikuwa ndogo kuliko gundi mbili kati ya zile tulizotupa.

Kwa ndoo ya maji ya kunywa tunapenda kuongeza neno. Kiraka cha moto cha plastiki ile ile, iliyokuwa chombo cha chakula, hakitusumbui. Gundi ya mirija miwili ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Ndoo iliyozibwa kwa gundi hiyo iwe ya kudekia.

Sasa tueleze jambo ambalo tuliona haya kuliandika, lakini tumeonelea bora liandikwe.

Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewani, na hapa Dar es Salaam hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Ukiifungua leo, wiki ijayo imekuwa jiwe. Mtu alituambia kwamba ikiwekwa kwenye friji hudumu, na ni kweli. Basi tulikuwa tumenunua ya kichupa cha plastiki, si ya mrija, tukaiweka kwenye mlango wa friji. Na kwenye mlango huo huo ndimo ilimokaa dawa ya matone ya babu, kwa kuwa tulielekezwa chupa ambayo haijafunguliwa ikae mahali pa baridi.

Jioni moja umeme ulikatika. Ilikuwa saa ya dawa. Binti yetu mkubwa alifungua friji gizani, akachukua kichupa kidogo cheupe, akamwendea babu na tochi ya simu mkononi. Babu ana desturi yake: kabla ya kuinua kichwa hukishika kichupa kwanza. Akakishika. Akakizungusha. "Mbona leo kofia yake ni ndefu?" akauliza.

Tukamulika. Tulikaa chini wote, hakuna aliyeweza kusema.

Hatukuwa wa kwanza. Madaktari wa macho duniani kote wameandika juu ya wagonjwa waliotiwa supagluu wakidhani ni dawa, kwa sababu vichupa hufanana. Na kwa mtu mwenye presha ya macho, nuru iliyopotea hairudi. Matone yale hulinda iliyobaki tu. Tungemwibia kidogo alicho nacho.

Tangu siku hiyo supagluu yetu inakaa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, juu ya kabati la vyombo, mbali na dawa ya aina yoyote, pamoja na punje za mchele mkavu za kunyonya unyevu. Ikikauka, na ikauke. Ni shilingi 500.

Yafaa kila mama ajue la kufanya. Ikiingia jichoni, usivute kope wala usijaribu kuzitenganisha. Osha kwa maji safi mengi ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kibichi kisafi bila kukandamiza, nenda hospitali mara moja. Kope zilizoshikana kwa kawaida huachana zenyewe baada ya siku chache, lakini ni daktari anayepaswa kutazama kama jicho lenyewe limekwaruzika. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishe polepole kwa kuzungusha mpini wa kijiko katikati, usivute. Na angalia nguo za pamba. Supagluu ikimwagika kwa wingi kwenye khanga au fulana hupata joto kali ghafla, inaweza kuunguza ngozi iliyo chini yake. Mwagia maji baridi mengi.

Gundi ya viatu nayo ina hatari yake, nyingine kabisa. Nyingi zina kiyeyusho kiitwacho tolini. Mvuke wake hushika moto, kwa hiyo isifunguliwe karibu na jiko la mkaa wala kibatari. Mama mjamzito asikae nayo chumba kimoja. Na sote tumewaona vijana wa mitaani wenye chupa puani. Mtoto akianza kuomba fedha ya gundi kila mara na huoni kilichoungwa, keti naye mzungumze mapema.

Treni ilikamilika Jumapili mchana. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akaanza na magurudumu, akayazungusha yote, akayavuta kidogo kila moja kwa hila, akakuta yameshika. Akapanda juu, akapita kwenye madirisha, akafika paa. Vidole vikarudi mbele, vikarudi nyuma.

"Bomba la moshi liko wapi?"

"Babu, hii ni ya umeme. Haina moshi."

Akaifikiria. "Na upana wa reli?"

"Milimita 1,435. Ya TAZARA ni 1,067." Kijana alikuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Ya Tazara ninaijua," akasema babu. "Hiyo nayo unitengenezee. Ile ina bomba."

Wiki hii kijana anatafuta dumu jingine mtaani. Bomba la moshi amekwisha kulipata, ni mwili wa kalamu. Na kila dumu analoletewa analigeuza kwanza chini aone namba.